Karanga za Mjomba na Mashua ya Mwembesongo

Mafundi wa barabara wakichemsha lami mtaani kwetu, watu hupita wameziba pua. Mimi husimama. Nikivuta harufu ile mara moja tu, namwona mdogo wangu Shabani ana lami mpaka kwenye nyusi, na namsikia Mwajuma, kitinda mimba wetu, akiniita kutoka ndani ya mashua kwamba tone linakuja tena.

Ndiyo, mashua, hapa hapa Morogoro, mbali kabisa na bahari. Msinicheke, majirani walishacheka wakamaliza. Baba alikuwa seremala, na Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Dar es Salaam alimwachia mashua ya tanga iliyochakaa. Baba akaileta kwa lori, akaitegemeza kwa magogo kwenye kiwanja chake cha kazi Mwembesongo, akisema ataitengeneza aiuze. Wapita njia wakamwita Nabii Nuhu. Walimuuliza gharika lini, naye aliwajibu kwamba wanaouliza ndio watakaoachwa.

Gharika yetu ilikuja kwa namna nyingine. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita, nikaanza kuuza karanga. Chumba tulichokuwa tumepanga tukakiacha, tukahamia kwenye mashua: vitanda vitatu vyembamba, dirisha dogo la duara juu ya kitanda changu, na sitaha, ile sakafu ya juu ya chombo, ndiyo paa letu. Kiangazi tulijiona wafalme.

Kwetu Waluguru, mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba. Mjomba Kibwana, kaka yake mama, alikuwa mkulima Mlali. Alikuja na shauri la ukoo: Shabani apelekwe kwa shangazi Turiani, Mwajuma aende Mlali, mimi nikafanye kazi za ndani Dar. Nikamwomba atuache pamoja. Sikulia, Mwajuma alikuwa akilia kwa niaba yetu sote. Mjomba alipanda juu, akagonga ubao mmoja wa sitaha kwa kifundo cha kidole, akausikiliza.

"Mwajuma ana kifua, Zena," alisema. "Nitarudi mvua zikikolea. Nikikuta anapolala ni pakavu, nawaacha. Nikikuta godoro lolote limelowa nawagawa, na usininung'unikie."

Mvua ya kwanza iliteremka kutoka mlimani, na tone la kwanza likatua kwenye paji la uso la Mwajuma.

Baba alikuwa ametuonyesha jinsi ya kukalafati: unasokomeza pamba katika nafasi iliyo kati ya mbao, kisha unaifunika kwa lami ya moto. Tukafanya hivyo juu kabisa ya kichwa cha Mwajuma. Tukarudia na kurudia, mpaka lami ikavimba pale kama mkate. Mvua iliyofuata, tone likadondoka mahali pale pale. Shabani akapandwa na hasira, akaziba kila tundu aliloliona, hata yale ya pembeni ambayo kazi yake ni kutoa maji nje. Kulipokucha sitaha ilikuwa bwawa, na bata wa jirani yetu Bi Mwantumu wanaogelea. Bi Mwantumu alituambia kwa upole kwamba safina sasa imekamilika, wanyama wameshaanza kupanda.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikamtazama Mwajuma akikohoa, kicheko kikaniisha.

Ndipo nikakumbuka maneno ya baba, kwamba maji ni kama mwizi: usimtafute alipotokea, mtafute alipoingilia. Jua lilipotoka tukazibua matundu ya pembeni, Shabani akamwaga maji kidogo kidogo, ubao kwa ubao, akianzia upande wa chini akipanda. Mwajuma alikaa ndani, macho juu, akijiona bosi wetu sote. Kimya. Kimya. Shabani alipofika kwenye shina la mlingoti, Mwajuma akaita. Maji yalikuwa yanaingia pale, yanatambaa juu ya boriti, ndipo yanamdondokea yeye, mbali na lami yetu yote. Tukakwangua, tukakausha, tukakalafati upya. Mvua ikanyesha, Mwajuma akalala hadi asubuhi bila kukohoa.

Mjomba alikuja mchana mmoja, wingu limeukalia mlima. Tulimwamkia, akaitikia, akatoa pipi katika mfuko wa koti lake akampa Mwajuma. Aliswali adhuhuri, kisha akasema atajinyoosha kidogo, akachagua kitanda changu. Mvua ikaja, safari hii na upepo wa upande wa dirisha. Sisi tulijibanza kwenye banda la useremala aliloacha baba, kama wanafunzi nje ya mlango wa mwalimu mkuu. Mara moja tu alifungua mlango, akaomba kipande cha sabuni. Maji hakuomba. Wazee nao, nikawaza.

Mvua ilipokatika alituita. Akapitisha kiganja chake polepole kwenye godoro la Mwajuma, mwanzo hadi mwisho.

"Pakavu," alisema. "Kaeni pamoja, wanangu."

Nilimpa karanga za njiani. Akazitia mfukoni, na zote zikamwagika miguuni pake. Alicheka, akasema koti lenyewe bovu, akaondoka zake.

Mwaka jana Shabani, ambaye sasa ni seremala kama baba, aliibomoa mashua ili apate mbao za milango. Alipong'oa fremu ya lile dirisha la duara, alikuta pengo limesokomezwa kitambaa cha mistari, kimegandana kwa sabuni iliyokauka. Tukakikunjua. Kilikuwa mfuko wa koti, mshono wake wote upo.

Miaka yote ile nilijivunia kwamba tuliufaulu mtihani wa mjomba. Kumbe swali la mwisho alilijibu msimamizi mwenyewe, akatutolea jibu mfukoni. Nilidhani alikuja kutafuta tone. Sikujua kwamba mtu anaweza kusafiri kutoka Mlali, amevaa uso wa hakimu, huku akiomba moyoni asilione.

Nilimpelekea kile kitambaa. Amezeeka, macho yamefifia. Alikipapasa kwa vidole kwa muda mrefu.

"Huu mfuko naujua," alisema. "Sasa karanga zangu ziko wapi?"