Nilimwita fundi wangu mwizi kwa sababu ya leja ya kadi za tarot

Wakuu, salamu kutoka Meru. Baridi ni ile ile.

Hii ninayoandika ilinipata mimi. Sio ya rafiki yangu, sio ya "jamaa fulani". Nimebadilisha majina ya watu tu. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na ni pengi.

Mnaotaka kuniombea, kaeni kwanza.

Mimi hukusanya kadi za tarot. Deck moja ina kadi sabini na nane zenye picha: mfalme, mnara, mwezi, mtu ananing'inia kichwa chini. Wengine huzitumia kutabiri. Mimi sitabiri kitu. Napenda michoro, basi, vile mwingine anapenda stempu au jezi za mpira. Niko na deck arobaini na tatu.

Najua mtasema ni majini. Mnasema majini, na kila asubuhi mnafungua simu kusoma nyota yenu inasema nini kuhusu mapenzi. Tuendelee.

Kazi yangu ni storekeeper kwa shule moja huku upande wa Kaaga. Miaka kumi na tatu niko stoo. Mchele, maharagwe, chaki, mipira, magodoro. Hakuna kitu hutoka bila saini. Principal mwenyewe akitaka karatasi za kuchapa, anasaini, na akinuna anasaini akiwa amenuna.

Kwa hivyo nilipoanza kukusanya kadi, nilifungua leja. Namba ya deck, jina, kadi ni ngapi, ilitoka wapi, ina kasoro gani, mfuko wake ni rangi gani, nani ameichukua, ameirudisha lini, saini.

Tuko na group ya WhatsApp ya wakusanyaji, watu kama ishirini, wengi ni wa Meru na Embu. Nilikuwa nawadharau wote, na sitaficha.

Kuna mmoja wa Embu nitamwita Chairman, kwa sababu alijichagua mwenyewe. Huyo kazi yake ni kupiga picha. Kadi kwa kitanda, mshumaa pembeni, ua moja limekaushwa. Ukimuuliza ana deck ngapi anasema "kama thelathini hivi". Mtu hajui ana nini kwa nyumba yake na anafundisha wengine.

Siku moja akapost deck "mpya imefika". Nikamtumia picha yake mwenyewe ya miezi minne nyuma, deck ile ile iko hapo kwa rafu. Alikuwa ameinunua mara mbili na hakujua. Akanyamaza wiki mbili. Wakuu, nilifurahi sana.

Debe tupu, nikasema. Hamjui kuweka vitu, hamfai kuwa navyo.

Sasa nimlete Mama Zuhura.

Mama Zuhura ni fundi cherehani huko Majengo, anakaa barazani karibu na wachinjaji. Yeye ndiye alinishonea mifuko ya deck zote, kwa vitambaa vinavyobaki akishona nguo za watu. Kila mfuko rangi yake, na namba ameitarizi kwa uzi. Siku ya kwanza aliniuliza kama ni vitu vya uganga. Nikamwambia ni picha tu. Akasema yeye anashona mfuko, kilichomo ndani ni changu na Mungu wangu. Hakuuliza tena. Miaka sita.

Na kila mara nilipompelekea mifuko nilimfanya asaini leja. Mama wa miaka sitini na kitu, anasimamisha mashine, anavaa miwani, anasaini kitabu changu. Alikuwa akicheka, lakini anasaini.

Basi mwaka huu group ikapanga tukutane Embu, kwa hoteli moja ya chai pale mjini. Kila mtu alete deck moja anayoipenda. Nikabeba namba 1.

Namba 1 alininunulia dada yangu Kananu, kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Meru. Alikuwa ananitania kwamba nimezeeka kabla ya wakati na sina kitu cha kupenda isipokuwa stoo. Tulikuwa tunakaa naye tunavuta kadi moja moja, yeye anatunga hadithi ya huyo mtu kwa picha, na hadithi zake zote ziliishia mtu ameoa vibaya. Kananu alitutoka mwaka jana. Hiyo ndiyo deck ambayo hata nyumba ikiungua ningeingia kuitoa.

Nikafika Embu na leja kwapani. Ndiyo, nilibeba leja. Nilitaka waone.

Nikawapa hotuba. Nikawaambia vile kila mwisho wa mwezi nafanya stock-taking, naupapasa kila mfuko, nahisi umejaa, naweka tiki. Sifungui ovyo, mikono ina mafuta. Chairman alikuwa anapiga miayo.

Nikafungua mfuko namba 1 mbele ya watu tisa.

Zikaanguka pakiti mbili za karata. Zile za kawaida za kuchezea, zimefungwa kwa rubber band.

Chairman akaziokota pole pole, akanirudishia, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Na hizi umeziandika kwa leja?"

Walicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia. Sikunywa hiyo chai.

Njia yote ya kurudi Meru nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nani. Nikafika nyumbani, nikafungua leja ukurasa wa namba 1. Wiki tatu nyuma kamba za mifuko kumi zilikuwa zimechakaa, nikampelekea Mama Zuhura abadilishe. Kadi niliziacha humo ndani kwa uvivu tu. Namba 1 ilikuwa kati ya hiyo kumi.

Saini ya mwisho ilikuwa yake.

Kwa stoo, saini ya mwisho ndiyo hubeba mzigo. Hakuna hadithi nyingine. Sikulala vizuri, na asubuhi nikaenda Majengo moja kwa moja.

Alikuwa na watu. Hassan, mchinjaji wa jirani, alikuwa mlangoni kwake. Mama wa viazi karai alikuwa hapo. Kulikuwa na msichana anangoja zipu, na mama mmoja mgeni aliyekuwa amekunjua kitambaa kwa meza, cha sare za harusi, wanahesabu na Mama Zuhura idadi ya magauni. Kazi kubwa.

Nikamuuliza deck yangu iko wapi. Akauchukua mfuko, akaugeuza, akasema hajawahi kufungua mfuko wangu hata siku moja. Nikafungua leja, nikamwonyesha saini.

"Saini ni ya mifuko," akaniambia. "Ulinipa mifuko kumi, nikakurudishia mifuko kumi."

Wakuu, hapo ningekuwa na akili ningesimama nifikirie hayo maneno. Yalikuwa sahihi kuliko leja yangu yote. Lakini nilikuwa na kicheko cha Embu masikioni.

Nikamwambia, "Basi apa kwa Kurani."

Mimi. Mimi ninayewacheka watu wakiogopa kadi, ninayejiita mtu wa kusoma, nikasimama katikati ya Majengo kumtaka mama Muislamu ale kiapo.

Akasema, "Kurani haiapiwi karata, Kirimi." Akarudi kwa mashine yake.

Sasa nyinyi mnaotoka huku mnajua. Kwetu mtu akikataa kiapo, watu hawangoji kesi. Hiyo nimelelewa nayo, na siku hiyo ikanipanda kichwani bila kuuliza ruhusa. Nikamwita mwizi. Nikalisema mara mbili, na mara ya pili kwa sauti.

Yule mama wa harusi akaanza kukunja kitambaa chake. Akakitia kwa mfuko akaenda. Mama Zuhura hakumzuia.

Nikaenda nyumbani nikijiona mwanaume. Kwa leja, safu ya maoni, nikaandika: imeibwa.

Siku kumi na mbili baadaye nikapigiwa simu na Ireri, mume wa marehemu Kananu. Yeye ni Mmbeere, nyumbani kwake ni Kiritiri, upande wa Embu. Ireri si mtu wa maneno mengi.

"Shemeji, kuna kadi zako hapa. Zilikuwa kwa ule mkoba wa Kananu wa hospitali. Nilidhani utazikujia."

Nilikaa chini hapo hapo kwa magunia ya maharagwe.

Yote yakarudi. Kananu alipolazwa Embu, alinituma nimletee zile kadi. Alitaka kuangalia picha, ukuta wa wodi ulikuwa umemchosha. Nikaitoa namba 1 kwa mfuko. Nikaona rafu itakuwa na pengo, na mimi pengo kwa rafu hunikosesha amani, kwa hivyo nikajaza mfuko kwa karata. Nitairudisha Jumapili, nikasema. Kuandika ya nini? Ni mimi.

Jumamosi Kananu akafa.

Msiniulize nilisahau vipi. Ile wiki sikumbuki hata kama nilikula. Na baada ya mazishi, kila mwisho wa mwezi nilipapasa mfuko, nikahisi umejaa, nikaweka tiki. Miezi yote hiyo nilikuwa nahesabu karata za dukani. Mama Zuhura alibadilisha kamba ya mfuko ambao deck haikuwamo, na aliyeitoa ni mimi.

Miaka kumi na tatu kila mtu anasaini isipokuwa mtu mmoja. Mwenye ufunguo. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na leja.

Nikaenda Kiritiri. Ireri alikuwa amezifunga kadi kwa leso ya Kananu. Nikakaa kwa kiti chini ya paa la mabati, joto lile la huko, nikazihesabu mbele yake moja moja, kwa sababu tabia mbaya haina likizo. Zilikuwa zote sabini na nane. Nililia, na Ireri akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Siku iliyofuata nikarudi Majengo.

Nilikuwa nimejipanga na maneno. Nikamweleza Mama Zuhura kila kitu, hospitali, karata, Jumapili. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mkasi. Alinipa pole ya Kananu kwanza. Alikuwa hajui kwamba hizo kadi zilitoka kwa dada yangu.

Halafu akasema: "Msamaha wangu unao tangu siku ile. Mimi nilijua sikuiba. Wasiojua ni wale waliokusikia. Hao ndio wa kuambiwa."

Nikafikiri ni maneno tu. Akaendelea kuniangalia. Nikaelewa kwamba ni sasa.

Nikaanza na Hassan. Hakuacha kukata nyama. Akasema, "Sisi tulijua. Tulikuwa tunakungoja wewe ujue." Hiyo iliniuma kuliko angenitukana.

Mama wa viazi akaniambia hajasikia vizuri, nirudie, na nipaze sauti ili hata wa duka la ng'ambo wasikie. Nikarudia. Alikuwa amesikia vizuri sana.

Msichana wa zipu nilimpata kupitia Mama Zuhura, nikampigia. Alishangaa kwamba mtu anapiga simu kwa ajili hiyo.

Hata kwa group nimeandika, yote. Chairman ametuma zile emoji za kucheka mstari mzima, na ana haki. Angalau yeye akinunua deck mara mbili hamsingizii mtu.

Leja bado ninayo. Jina langu sasa liko kwa safu ya wanaochukua kama la mtu yeyote, na mwisho wa mwezi nafungua mifuko, mafuta au si mafuta. Funzo ni hilo tu, na ni dogo kwa bei niliyolinunulia: ukishika kitabu cha kuhukumu wengine, anza kwa kujiandika. Mkitaka kunisema, nafasi iko hapo chini, nitasoma zote na sitajibizana. Aliyewahi kumsingizia mtu akarudi kusema ukweli, atuambie alifanyaje, maana mimi nimekwama kwa mtu mmoja.

Yule mama wa harusi. Alikuwa mteja mpya, hakuacha jina wala namba. Ni mweupe kidogo, ana mwanya, alikuwa na sweta ya kijani, na kitambaa kilikuwa bluu chenye maua meupe. Alisema harusi ni ya mdogo wake. Nimeuliza Majengo yote na stendi nzima, na Mama Zuhura hajui alitoka wapi.

Mama, kama ni wewe unasoma, au ni dada yako, au ulishonewa hizo nguo kwingine: huyo fundi hakuiba kitu. Aliyechukua ni mimi.