Gari la umeme la braza lisilo na mlio, na kilichompata Mzee Kondo kule Masaki

Wakuu, heshima mbele.

Mnaonijua kwa vituko kule jukwaa la vichekesho, leo mnivumilie. Hii ni kweli tupu na haichekeshi.

Naanza na ujinga wenyewe nisije nikaghairi: nilichomoa waya wa spika kwenye gari la umeme la braza. Makusudi. Nilitaka kutisha watu.

Sasa turudi mwanzo.

Braza anaitwa Rama, fundi umeme kwenye kiwanda kimoja Zegereni. Tunakaa na bi mkubwa Pangani (ya Kibaha, watu wa Tanga tulieni). Mimi niko form three. Jamaa ndoto yake ilikuwa gari jepesi la umeme, la bei ambayo hata mkulima wa mihogo anajichanga analipata. Akawa analiunga uani kila weekend mpaka bi mkubwa akakosa pa kuanika nguo.

Msiwaze yale magari ya mitandaoni. Hili fremu ni mabomba ya aluminiamu, bodi turubai, matairi ya pikipiki, na viti ni vile vya plastiki vya kwenye shughuli, vimekatwa miguu. Betri inachajiwa na sola. Watu wanne mnalinyanyua kama kitanda.

Nililiita Panzi. Braza alinuna, jina likabaki.

Likizo ilipofika tukalipakia kwenye Canter mpaka kwa bibi, Masaki. Masaki ya Kisarawe wakuu, siyo ya maghorofa. Braza alitaka alijaribu kwenye njia za mchanga, likiwa na mzigo wa mihogo.

Tatizo moja: Panzi halina mlio. Linakuja kimya kama paka aliyeona dagaa.

Braza alishaliona hilo. Akafunga spika ndogo, gari likitembea inanguruma. Akaniambia, "Dogo, huku watu wanatembea kwa masikio. Mtu ana mzigo, hageuki nyuma. Akisikia chombo ndiyo anapisha."

Mimi ile sauti niliisikia kama mbuzi mwenye mafua. Na nikawaza content, kituko cha kuwaletea jukwaani.

Siku moja braza kalala baada ya ubwabwa wa mchana. Nikachomoa waya wa spika (honi ina waya wake), nikatoka na Panzi peke yangu.

Sitawadanganya, nilicheka sana. Kina mama wanatoka kisimani, nikawafuata nyuma taratibu, nikapiga honi, ndoo zikaruka. Mmoja akanitukania ukoo mzima huku na yeye anacheka. "Mtoto wa Kibaha huyu, kichwa chake kibovu!"

Ningeishia hapo, huu uzi usingekuwepo.

Mbele yangu nikamuona Mzee Kondo, jirani yake bibi. Anauza mkaa. Huyu mzee alikuwa na kipaji kimoja: pikipiki ikiwa mbali huko, haijaonekana, anakutajia ni ya nani. "Huyo Juma, ekzosi yake imetoboka." Unasubiri kidogo, kweli anatokea Juma. Vijana walikuwa wanawekeana dau la soda, na mzee hakuwahi kukosea.

Alikuwa anasukuma baiskeli ina magunia matatu ya mkaa, yamempita kimo. Nyuma haoni kitu.

Nikasogea, nikasogea. Nikambonyezea honi karibu kabisa na mgongo.

Mzee aliruka pembeni. Baiskeli ikamfuata na magunia yote, ikamlalia.

Mlio niliousikia sitauandika hapa.

Sasa hapa ndipo mtakaponitukana, na mna haki. Kabla sijamtoa mzee chini ya yale magunia, kabla sijapiga hata kelele ya kuomba msaada, nilirudi kwenye Panzi nikachomeka ule waya.

Mzee yuko chini anaita, "Mama! Mama!" Mtu mzima yule. Na mimi nimeinama, natafuta tundu la waya.

Watu wakajaa. Nikasema, "Nilimpigia honi, sijui hakusikia gari!" Braza akaja mbio, miguu peku. Akalisogeza Panzi mbele ya watu wote. Likanguruma vizuri tu.

Watu wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Basi masikio ya mzee yamechoka."

Ikawa ndiyo kauli ya kijiji.

Hospitali Kisarawe wakasema nyonga imevunjika. Nilipoenda kumuona na bibi, nikamwamkia. Akanishika mkono. "Marahaba mjukuu wangu. Usijilaumu. Honi ulinipigia, mimi ndiye sikulisikia gari. Masikio yameniaga."

Nikamjibu, "Pole babu."

Basi. Mimi ninayeongea darasani mpaka natolewa nje, siku hiyo nilikuwa na maneno mawili.

Aliporudishwa nyumbani akawa mtu wa kulala barazani. Familia nzima ikaanza kumpigia kelele. Wajukuu wanamwinamia sikioni, "BABU, UJI!" Na yeye taratibu akaanza kujibu "Eeh?" hata kwa mtu anayeongea vizuri. Alishaambiwa hasikii, akaamini.

Siku ya kuaga kurudi Kibaha nilikaa naye peke yangu. Pikipiki ikapita nyuma ya nyumba. Mzee akainua kichwa kidogo, kama mtu anayeona aibu kuuliza.

"Huyo si Juma?"

Wakuu, alikuwa Juma. Nilimuona kwa macho yangu kwenye pengo la ua.

Nikasema, "Hapana babu. Mwingine."

Akageukia ukutani. "Basi kweli," akasema.

Shule zimefunguliwa kitambo, bibi akapiga simu: Mzee Kondo amefariki. Bi mkubwa akawa anapanga kanga za msibani, braza anafunga viatu. Nikawaambia yote, nimesimama mlangoni.

Braza akatoka uani, akalifunika Panzi gubigubi, akarudi. Bi mkubwa akaendelea kukunja kanga.

Masaki nikawaambia watoto wa marehemu kabla ya mazishi. Mkubwa wao akanitazama weee.

"Na baba akawa anatuomba radhi kila siku kwa kutosikia," akasema. Halafu, "Tumekusamehe. Haya, shika jeneza na wenzio."

Nikashika.

Funzo? Panzi halikuwa na kosa lolote, msije mkasema magari ya umeme ni balaa. Braza alifikiria kila kitu isipokuwa mdogo wake. Na wewe mtani mwenzangu, ukimwangusha mtu, muinue kwanza, waya utaukuta.

Nitukaneni, sitajibu vibaya. Ila kama kuna aliyewahi kununiwa na kaka yake hivi, anielekeze pa kuanzia. Zaidi ya salamu hatuongei.

Na najua mtauliza bi mkubwa alisemaje. Tuliporudi Kibaha, tulipoingia ndani, akavua mtandio, akaniambia hivi, sijaongeza neno:

"Wale wamekusamehe kwa kuwa wana msiba. Mimi bado naitafuta sababu yangu. Chakula chako kipo jikoni, kale."