Kukimbia na Barakoa Hadi Ziwani

Uvumilivu wangu uliisha Ijumaa moja ya kipindi cha korona, mlangoni mwa shule, hapa mtaani kwetu Buyenzi. Binti yangu Zaituni alikuwa amerudi kutoka mbio za darasa akiwa ametapika, barakoa imemgandia puani. Nikamwuliza mwalimu wao wa michezo, Hamisi, kulikoni.

"Mama Zaituni, we unamudekeza huyu mutoto. Wenzake wote wamefika ziwani wakiimba."

"Wakiimba na maski?"

"Sasa mbio gani bila wimbo?"

Tusi lilifika ulimini, nikalimeza. Nikamwambia Ijumaa ijayo nakimbia nao, nikivaa barakoa ile ile ya shule. Akacheka. "Karibu sana. Ila hatutakubeba."

Asubuhi ya safari nilifunga ushungi kwa nyuma, nikavaa raba za mdogo wangu. Barakoa yenyewe ilikuwa kitenge mapande mawili na bitana katikati. Wazazi wenyewe tuliichagua nzito, tukidhani uzito ndio kinga. Zaituni aliniomba nisikimbie naye, wenzake watamcheka. Basi nikakaa mbele, ubavuni mwa Hamisi aliyeongoza wimbo.

Kwenye barabara za mafundi wa magari sikuona shida. Pumzi ilikuwa ya moto na mashavu yakitokota, basi. Ninyi mliokulia Buyenzi mkahamia mbali mnaijua harufu ile ya oili asubuhi. Mimi ilinirudishia marehemu baba. Alikuwa fundi, na kila Jumapili aliongoza wimbo wa klabu yetu ya mbio. Nilikuwa namfuata nikiitikia kwa sauti yote, kifua wazi, upepo wa ziwa ukiniingia mpaka tumboni. Sijui kama kuna kitu nimewahi kukipenda vile.

Tulipoingia mtaa wa Asiatique, kwenye maduka, jasho lilikuwa limelowesha kitambaa. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Nikivuta pumzi, kinaingia puani. Nikifungua mdomo, kinafuata mdomoni. Kuitikia wimbo nikashindwa. Nilikiondoa usoni kidogo kwa kidole, nikavuta hewa kama mwizi. Hamisi naye alikuwa anahema, ila mwendo haukupungua, wala hakugeuka hata mara moja.

Ziwani tulisimama. Watoto walikuja wakijitupa chini. Zaituni hakuwamo.

"Yuko nyuma," Hamisi akasema.

"Nyuma wapi?"

Hakujua.

Tulirudi njia ile ile, watoto wakitembea, mimi mbele. Tulimkuta Asiatique, dukani kwa Bi Salma, mama wa Kiarabu aliyemjua baba miaka mingi. Zaituni alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, barakoa mkononi, anakunywa maji kidogo kidogo.

"Nimemkuta kwenye ngazi yangu anahema kama kuku," Bi Salma akasema. "We Mwajuma, hawa wakimbiaji ni wenu kweli? Zamani baba yako akitoka Buyenzi na klabu yake, mi nilikuwa nawasikia kabla sijafungua duka. Leo mumepita hapa kama watu wa mazishi."

Nikakaa chini. Baba pia hakuwa anageuka nyuma. Alikuwa anasikiliza: waitikiaji wakipungua, anajua kuna mtu amechoka, anapunguza mwendo. Hamisi amefundishwa hivyo hivyo katika klabu zetu. Lakini chini ya vitambaa vile sauti za watoto zilikuwa zimefifia tangu mwanzo, atamsikiaje mmoja aliyenyamaza?

Nikamwambia Hamisi hivyo. Akamtazama Zaituni, kisha sakafu. "Mi nilizani wanaitikia kwa uvivu," akasema.

Jumatatu nilipeleka malalamiko ofisini, nimeyaandika hivi:

"Kwa Mkurugenzi. Ninalalamika rasmi kwamba watoto wanakimbizwa na kuimbishwa wakiwa na barakoa nzito zilizolowa. Barakoa sizikatai, darasani wavae. Nje wakikimbia, waachiane nafasi wazivue. Kama amri ni kuvaa, basi watembee, na ikilowa wapewe kavu. Na mtu mzima awe nyuma yao, awaone kwa macho. Mwanangu aliishiwa pumzi njiani na mwalimu wake hakujua. Mpaka nijibiwe, Zaituni hatakimbia. Amelia kwa uamuzi huu, maana mbio anazipenda. Kwa hiyo nijibuni haraka."