Barua za Kwenye Pipa la Taka

Karani wa duka la vioo, ambaye wote humwita Dada Muhuri, alifiwa na kaka yake mwaka jana. Barua pepe alizomwandikia marehemu zilibaki kwenye kompyuta ya kazini tu, na kwa kuwa bosi hupekua kila kona, dada wa watu alizificha mahali ambapo bosi hatii mguu: kwenye pipa la taka la programu ya barua. Basi siku programu hiyo ilipogoma, akaitwa fundi.

"Dada, chagua programu mpya mwenyewe. Hii ina kalenda na mbwembwe zake. Hii nyepesi, inafunguka hata kabla hujakaa."

"Ipi inabeba barua za zamani?"

"Zote mbili."

Akachagua nyepesi, kisha akaenda kumkatia mteja risiti. Aliporudi, fundi alikuwa anatabasamu.

"Nimekuhamishia kila kitu. Taka zako nimezimwaga kwanza, maana ulikuwa mlima! Hiyo sikutozi."

Dada Muhuri akangoja uchungu uje. Haukuja. Masikio tu yalikuwa kama yamezibwa pamba.

"Hazirudi?"

"Taka zirudi kufanya nini, dada yangu?"

"Asante," akasema.

"Haya, mwandikie mtu yeyote, tuone kama inatuma."

Vidole vyake vilijua anwani moja tu kwa moyo. Akaiandika, asiongeze neno, akabofya.

"Imeenda?" akauliza fundi.

"Imeenda."

Fundi akafunga begi lake, na Dada Muhuri akamwita mteja aliyefuata.