Shangazi Alipotusomea Kikombe cha Unyanyembe

Tumbaku iliyokwisha kukaushwa ina harufu isiyofanana kabisa na moshi wa sigara. Ni tamu na nzito, kama nyasi kavu zilizomwagiwa asali. Mpaka leo, nikipita barabara ya Sikonge msimu wa kuchambua, harufu hiyo ikiingia dirishani mwa gari, ninasahau umri wangu. Ninakuwa tena msichana wa darasa la nne, vidole vyeusi kwa utomvu, nimekaa juu ya gunia kando ya Shangazi Tabitha, nikisubiri kujua nani ameiba kikombe.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nisipoeleza mtadhani kwetu palikuwa na wezi.

Babu yangu mzaa baba alilima tumbaku na kufuga nyuki. Alikuwa Mmoraviani wa kusimama kanisani hata pale wengine walipokaa. Shangazi Tabitha, kitinda mimba wake, alirudi mwaka ule kutoka Tabora mjini alikokuwa akijifunza ushonaji. Alirudi na cherehani kichwani na kitabu kwapani. Kilikuwa riwaya, aliyoazimwa na mwalimu wake. Juu ya jalada alichorwa mwanamke aliyejifunga kaniki, na nyuma yake wapagazi wamejipanga na mizigo mpaka wanakuwa wadogo kama siafu. Kiliitwa *Kikombe cha Unyanyembe*.

Majani yalipotoka kwenye bani, ile nyumba ya matofali ya kukaushia, wanawake wa nyumbani walikaa kibandani kuyachambua: ya rangi ya limau huku, ya rangi ya chungwa huku, yenye madoa kule. Ni kazi ya kuumiza mgongo na kuchosha akili, na siku zote ilisindikizwa na maneno ya watu. Babu alikuwa akisema umbea ni chumvi ya kazi, ila sisi tumeimwaga chumvi yote chunguni. Mwaka ule Shangazi akasema hatachambua, atasoma. Bibi akamwangalia kwa muda, kisha akasogea, akamwachia mahali penye mwanga.

Kisa kilianzia njiani, enzi za misafara. Binti aitwaye Mariamu alikuwa akitembea na baba yake nyuma ya wapagazi. Karibu na Tura mzee yule akashikwa na homa, akafa, wakamfunika kwa mawe. Binti akafika Unyanyembe, Tabora ya siku zile, peke yake. Wamisionari wakampokea, akajifunza kusoma na kusali, na hapo misheni akampenda Yohana, mpagazi aliyeacha kubeba pembe akabatizwa. Kisha msafara mkubwa ukapiga kambi jirani, na msafara ulipoondoka, kikombe cha fedha cha Meza ya Bwana kikawa hakipo. Macho yote yakamgeukia Yohana, kwa sababu hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Sijawahi kusikia mtu anayesoma kama Shangazi. Mpishi wa misheni alimpa sauti ya puani, Yohana akampa sauti ya chini, yenye subira, hata ungemsikitikia kabla hajafanyiwa lolote. Na alipofika pale penye kutuziba pumzi, alifunga kitabu juu ya kidole chake na kusema, "Majani kwanza." Hatukuwahi kumaliza kuchambua mapema kama mwaka ule.

Mama alimshuku mpishi. "Mtu anayesali kwa kelele namna hiyo ana jambo," alisema.

"Mnamwonea," Bibi akajibu. "Mimi namtazama yule mlinzi wa lango."

"Unamtazama wapi, mama, na yumo kitabuni?"

"Namwona," Bibi alisema, wala hakucheka.

Babu hakuingia kibandani. Alikaa nje, mgongo umeegemea ukuta, akishona mizinga ya magome ya miti kwa vijiti alivyovipigilia kwa nyundo. Alisema riwaya ni mambo ya wanawake. Lakini niliona kwamba mizinga ya mwaka ule yote ilishonewa penye ukuta ule, hata jua lilipohamia hapo.

Sasa niwaambie habari za Gervasi. Alikuwa fundi seremala kutoka Ulyankulu, aliyeletwa kutengeneza milango ya kanisa letu. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Mwaka uliotangulia Babu alikuwa ameanguka mtini akirina asali, akavunjika mguu, ndani kabisa ya msitu. Gervasi, aliyekuwa akitafuta mbao upande ule, alisikia sauti. Akaacha msumeno wake, akambeba Babu mgongoni mpaka njiani, akampandisha baiskeli na kuikokota mpaka hospitali. Babu alipona, akabaki akichechemea. Alimpelekea Gervasi jogoo na asali, na mambo yakaishia hapo, au yeye alidhani yameishia hapo.

Gervasi alipotuma mshenga kumposa Shangazi, nilikuwa nakoka moto jikoni, na jibu la Babu nililisikia mwenyewe.

"Shukrani yangu nilitoa jogoo na asali," alisema. "Binti ni jambo jingine. Mtu akitaka kuoa tunakwenda kuuliza kwao. Huyu nitakwenda kuuliza wapi? Nivuke mpaka? Na Mkatoliki juu."

Bibi akasema taratibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nilishapona," Babu akajibu.

Baiskeli ya Gervasi, iliyokuwa ikija karibu kila jioni tangu Shangazi arudi, haikuonekana tena uani kwetu. Shangazi hakulia mbele yetu. Siku mbili hakusoma; alisema macho yanamuuma. Siku iliyofuata akakaa mahali pake, akafungua kitabu, na akasoma kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"'Jioni ile,'" alisoma, "'mzee mmoja aliyekonda, anayechechemea, alifika kwenye lango la misheni akimuulizia binti yake Mariamu.'"

Mama akaacha jani hewani. "Mzee gani? Si tulimzika Tura?"

"Walidhani amekufa," Shangazi akasema, bila kuinua macho. "Homa ilimlegeza. Sikilizeni."

Bibi alipiga vigelegele peke yake, na tukasikiliza. Ikawa kwamba msafara ulipomwacha mzee chini ya mawe machache, mpagazi mmoja alirudi nyuma kwa kuwa hakuridhika. Akayaondoa mawe, akasikia pumzi, akautupa mzigo wa pembe wa bwana wake porini, akambeba mzee mgongoni mpaka kijiji cha mbele. Mpagazi huyo alikuwa Yohana. Na sasa mzee, akiwa amempata binti yake, alikuwa akiambiwa kwamba Yohana anataka kumwoa, na mzee alikuwa akikataa.

Mimi niliyekaa ubavuni pake niliona kwamba mchana wote ule Shangazi hakufunua ukurasa. Niliona tu, sikuwaza. Nilidhani kurasa za watu wazima ni ndefu.

"'Baba,'" alisoma, na sauti aliyompa Mariamu safari hii ilikuwa yake mwenyewe, "'unasema humjui mtu huyu. Kwao hukujui, ni kweli. Lakini mgongo wake unaujua. Ulilala juu yake ukiwa huna nguvu hata ya kuuliza kwao ni wapi.'"

Nje, nyundo ya Babu ilinyamaza. Tukasikia akiinuka kwa kujikongoja, kisha kivuli chake kikaziba mlango. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia.

"Huyo mzee alijibu nini?" aliuliza.

Shangazi alimtazama. Kitabu kilimlegea mikononi, nikakishika kona nikidhani kitaanguka.

"Bado hajajibu, Baba. Sura inaishia hapo."

Babu akaokota jani moja, akaliangalia kwenye mwanga kama anayetaka kulipangia daraja. Akalirudisha kwenye fungu lisilo lake na kutoka.

Kesho yake asubuhi, tukinywa uji, alisema bila kumtazama mtu, "Mwambieni yule fundi alete wazee wake. Na wewe Tabitha umalizie kitabu, watu wajue kikombe kilikwenda wapi."

Mama yake Gervasi alikuja kutoka Ulyankulu amevaa kitenge kipya. Babu alimpa kiti chake mwenyewe, akakaa juu ya mzinga. Harusi ilifungwa baada ya mauzo ya tumbaku. Kuhusu kikombe, hakuna aliyeiba: mpiga kengele wa misheni alikuwa amekizika kwa kuogopa wanyang'anyi, homa ikamshika kabla hajamwambia mtu. Mama alimwomba radhi mpishi kwa sauti, kibandani, na sote tukaitika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilikikuta kitabu kile kwenye meza ya vitabu vikuukuu Tabora mjini, jalada lile lile. Nilikinunua, nikakisoma kwa pupa, nikitafuta pale penye maneno ya mgongo. Sikupaona. Babake Mariamu alikufa Tura katika sura ya kwanza, akafunikwa kwa mawe, na kitabu kizima hakikumtaja tena. Wala Yohana hakumbeba mtu. Nikakaa na kitabu mapajani, nikikumbuka ule ukurasa usiofunuliwa. Kumbe nilikaa bega kwa bega na mtunzi nisimjue. Nilikuwa nahangaikia kikombe, na kando yangu mtu alikuwa akiyapigania maisha yake kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, tena bila kumvunjia baba yake heshima hata kwa neno moja.

Nilipanda basi kwenda Ulyankulu. Shangazi alikuwa uani akipepeta maharage. Karakanani Gervasi alikuwa akipiga randa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na kitabu kama mwinjilisti?" Kisha akakitambua, akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Babu hakujua?" nikamuuliza.

Akaokota ungo, akaendelea kupepeta.

"Siku ya kuniaga, kabla ya harusi, nilimmiminia baba maji ya kunawa," alisema. "Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, 'Tabitha, siku ile nilipoingia kibandani, jioni mlipokwenda kisimani nilikichukua kitabu chako. Nilitaka kujua yule mzee alijibu nini. Nikakuta amekufa Tura.' Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke niingie. Akanawa polepole, akajifuta mikono kidole kwa kidole. Halafu akasema, 'Ahsante kwa kumfufua.'"