Amenisukumia sahani!

Wenzangu, leo nimekasirika sana.

Asubuhi nilipeleka mutoto dispensaire. Tumbo inamuuma tangu wiki mbili.
Infirmier, muuguzi wa pale, akamuinua mudomo. Fizi iko na mustari ya bluu!
"Mama, nani anayeyusha madini ya risasi kwenu? Ile ni sumu."

Bon, ni papa yake, bwana yangu, muvuvi. Anatengeneza vizito vya kuzamisha nyavu.
Anayeyushia ndani ya nini? Ndani ya sufuria yangu ya supu!

Nikarudi, nikamufokea.
Yeye: "Ah, naisuguaka na muchanga. Iko safi."

Alors nikapika supu ya samaki ndani yake, nikamupakulia yeye peke yake.
Akaangalia sahani. Akaisukuma pole pole.

Wamama, semeni: kwa yeye iko sumu, kwa mutoto ilikuwa safi?