Ndege wa Masikio Mawili

Eila alipanda mnara wa kutazamia ndege kwa sababu shemeji yake Kauko alimjia mlangoni na chupa ya kahawa, na kukataa kungehitaji nguvu. Tangu wamzike mumewe Urho, katikati ya baridi, alikuwa hajatoa chozi. Watu walimsifu kwa moyo mgumu. Moyo upi? Hakuhisi kitu, na alichoogopa ni kwamba huenda ndivyo atakavyobaki.

Barafu ilikuwa imeshayeyuka. Korongo walipiga kelele kwenye matete na bata wakagombana majini. Eila aliwaangalia kwa darubini kama mtu anayeangalia nguo za jirani zilizoanikwa.

"Kula mkate, shemeji. Umekauka kama ng'onda."

"Nimeshakula."

"Jana?"

Kutoka msituni kando yao ilikuja sauti nyembamba mno, ya yule ndege mdogo mwenye ushungi wa manjano. Katika hesabu ya chama chao cha watazama ndege, ndege wa kusikika tu bila kuonekana hahesabiwi mpaka asikiwe na watu wawili, na wa pili wa Eila siku zote alikuwa Urho. Eila akiinua kidole tu, Urho husema, "Nasikia."

"Ushungi wa manjano," alisema Eila. "Umemsikia?"

Kauko alitega sikio. "Sisikii kitu. Ukoo wetu masikio huzeeka mapema."

"Mbona Urho alimsikia kila mwaka?"

Kauko alimimina kahawa taratibu. "Urho alikuwa hamsikii huyo tangu alipostaafu. Alikuwa anakutazama wewe. Ndege akiimba, uso wako unafunguka, basi naye anasema nasikia. Nikamwambia, wewe unatudanganya chama kizima. Akasema, sidanganyi, namwona pale usoni kwake."

Eila alikumbuka jinsi Urho alivyokaa kila mara akiupa msitu mgongo, akimwelekea yeye. Miaka yote alidhani anakwepa jua.

Ndege akaimba tena. Kwa mazoea Eila aliinua kidole na kugeukia upande wa pili wa benchi, alipozoea kukaa Urho. Hapakuwa na mtu. Ganzi ikamwachia ghafla na uchungu ukaja wote kwa pamoja, akalia kwa sauti mpaka bata wa karibu wakaruka. Kauko alimshika bega.

"Huyo asihesabiwe," alisema Eila alipopata pumzi. "Aliyemsikia ni mmoja tu."